Mkurugenzi wa Supu ya Watu

Mgahawa ulikuwa bado unanuka rangi mpya, na tayari watu walikuwa wakimpongeza mwanamume. Wanamsimamisha njiani, wanamshika mkono kwa mikono miwili. "Hongera bwana, tumesikia umefungua mgahawa." Na yeye, Baba Pacha, karani wa ghala la vifaa vya ujenzi, mtu ambaye hata yai la kuchemsha humshinda, anatabasamu na kuinamisha kichwa kidogo kama anayeona haya kusifiwa. "Tunajaribu tu," anasema. "Tunajaribu." Wenzake wa ghalani wakampachika jina la Mkurugenzi. Likamkaa kama shati lililopigwa pasi.

Mkewe, Mama Pacha, alilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza akiwa amesimama ubavuni mwake na mfuko wa viazi mkononi. Aliyekuwa akitoa pongezi alimsalimia na yeye pia, kwa adabu kabisa, akamuuliza kama watoto hawajambo. Mama Pacha akajibu kwamba hawajambo. Akajikaza kisabuni mpaka nyumbani, lakini viazi vya siku ile alivimenya kwa hasira hata maganda yakawa manene kuliko viazi vyenyewe.

Maana mgahawa ule ulikuwa wake na Msusi, basi. Msusi alikuwa jirani yake wa mlango kwa mlango, mama wa binti mmoja wa sekondari, mwanamke mwenye ulimi wa moto na moyo wa kutoa. Alikuwa amesuka vichwa vya watu kwenye kibaraza chake tangu ujana, mpaka vidole vikaanza kukataa. Mama Pacha naye alikuwa mpishi wa shule, na shule ikaamua kwamba chakula kitaletwa na kampuni kwa gari. Akarudishwa nyumbani na sufuria zake mbili alizokuwa akiwaazima. Siku hiyo hiyo Msusi aliingia jikoni kwake bila hodi, akafunua sufuria moja iliyokuwa motoni, akaonja, akasema, "Mwenzangu, sisi ni wajinga. Tunakaa na kitu hiki tunakula wenyewe."

Wakatafuta chumba. Wakakipata kwenye mtaa wa magereji, kilichokuwa stoo ya matairi, na weusi wa matairi ukiwa umeganda ukutani mpaka usawa wa kiuno. Walisugua kwa sabuni na mchanga, wakapaka rangi, wakaweka mabenchi, meza ndefu na jiko la gesi nyuma. Wakapanga kuuza chai, mayai, mkate, na mchana supu ya kuku na viazi, maharage na mboga, kisha kufunga kabla watoto hawajatoka shule. Huo ndio ulikuwa mpango wao wote: mlango ufungwe mapema, ili pacha wa Mama Pacha, wavulana wa darasa la kwanza, wasikae getini wakisubiri, na ili mama mkwe, aliyekuja kuishi nao tangu mguu wake ulipoanza kuvimba, apate wa kumkanda jioni.

Tatizo lilikuwa mwenye jengo. Mzee yule aliwasikiliza akiwa anachokonoa meno, halafu akasema, "Nimewaelewa. Sasa leteni mwanamume tuandikishane."

"Mwanamume wa nini?" Msusi akauliza. "Anakuja kupika?"

"Mimi siandikishani na wanawake. Leo mko marafiki, kesho mmegombana, mimi nitamshika nani?"

Msusi alitaka waondoke palepale. Alishachukua hata mkoba wake. Mama Pacha ndiye aliyemvuta kando na kumbembeleza: chumba ni kizuri, mafundi wamejaa mtaani na wana njaa, saini ni wino tu, Baba Pacha atatia tuendelee na maisha yetu. Msusi akaurudisha mkoba begani. "Haya," alisema. "Ila mimi roho yangu imekataa, ujue."

Baba Pacha akatia saini. Alivaa koti siku hiyo.

Kazi ikaanza, na ikawa kazi kwelikweli. Mama Pacha aliamka wengine wakiwa bado wamejifunika. Anachemsha maji ya mama mkwe, anawaandalia pacha nguo, anatafuta soksi ambayo siku zote hupotea moja, anafunga vyombo vya chakula cha shule, kisha anatoka na Msusi wakigawana mizigo. Jioni anarudi na harufu ya vitunguu nyweleni, anakanda mguu, anawaosha wavulana, anapika tena. Mara moja moja mumewe alikaa na watoto wake saa nzima, na mara hizo mtaa mzima ulijua. "Namsaidia mke wangu kulea," alikuwa akiwaambia watu dirishani. Anamsaidia! Kana kwamba wale watoto alikuja nao Mama Pacha kwenye sanduku.

Hata hivyo mambo yalikwenda. Wachomeleaji walikuja, mafundi wa magari wakaja, nesi wa zahanati akawa anakuja na wenzake. Msusi alijua jina la utani la kila mmoja na ugonjwa wa kila gari. Mtu akilalamika, Msusi humjibu na kumwongezea mchuzi. Wakawa wanafunga mlango sufuria zikiwa tupu, wanacheka njia nzima.

Ndipo ikaja asubuhi ile ya mbao.

Walifika wakasikia nyundo kutoka ndani. Mlango uko wazi. Katikati ya chumba, palepale ilipokuwa meza ndefu, fundi seremala alikuwa amesimamisha ukuta wa mbao nyembamba kutoka sakafuni hadi darini. Nusu ya mbele, yenye dirisha na baraza, ilikuwa imetengwa. Meza yao imesimamishwa kwa miguu miwili kwenye kona kama mtoto aliyeadhibiwa. Na pale mbele, akiwa ameshika tepu ya kupimia, alikuwapo binamu wa Baba Pacha, kijana muuza vifuniko vya simu, mwenye marashi ya kuwasha pua.

"Shemeji!" akasema kwa furaha. "Mmewahi. Nilitaka niwe nimemaliza kabla hamjafika, nisiwasumbue."

"Unafanya nini hapa?" Mama Pacha akauliza. Sauti ilimtoka ndogo mno, hata mwenyewe akaichukia.

"Kwani kaka hajakwambia? Amenipa huku mbele. Ninyi jiko lenu liko nyuma, chakula hakihitaji kuonekana, watu wanafuata harufu. Simu ndizo zinahitaji dirisha."

Msusi aliweka chini ndoo ya kuku. Aliiweka polepole sana. Kisha akampa binamu vidonge vyake, kimoja baada ya kingine, bila kupumzika, kuhusu dirisha, kuhusu rangi iliyopakwa na mikono hii, kuhusu vijana wanaoingia kwenye jasho la watu kama inzi kwenye kikombe. Seremala aliacha kupiga nyundo ili asikie vizuri. Binamu akarudi nyuma mpaka kwenye ukuta wake, lakini hakutoka. "Mimi nimepewa," akawa anarudia. "Nimepewa na mwenye mgahawa."

Mama Pacha akampigia mumewe simu. Kule ghalani kulikuwa na kelele za mabati.

"Baba Pacha, kuna ukuta humu ndani."

"Ee, nilitaka kukwambia. Ni mambo ya familia, yule kijana lazima tumshike mkono. Tutaongea nyumbani."

"Tuongee nini? Ukuta umeshasimama."

"Mama Pacha, usinipandishie sauti nikiwa kazini." Akakata.

Akiwa kazini! Mama Pacha alibaki anaitazama simu. Kwani yeye alikuwa wapi? Alikuwa matembezini?

Wakamfuata mwenye jengo, ambaye aliishi nyuma ya uzio uleule. Alitoka na kikombe cha chai. Aliwasikiliza tena, na safari hii hata hakujaribu kuficha kwamba anafurahia. "Mimi namjua aliyetia saini. Kama aliyetia saini amegawa chumba chake, mimi nani nimkataze?"

Walirudi wakipita kati ya magari mabovu. Walipofika karibu na mlango, Msusi akasimama. Macho yake yalikuwa yamelowa, na Mama Pacha hakuwahi kumwona hivyo, hata siku alipoachwa na baba wa binti yake.

"Sikulaumu kwa sababu ya mumeo," Msusi akasema. "Mumeo ni mumeo. Nakulaumu kwa sababu hata sasa hivi, hata hapa, unatafuta maneno ya kumtetea. Naona usoni kwako. Unataka kuniambia alikuwa na nia nzuri."

Ilikuwa kweli. Maneno yenyewe yalikuwa yameshafika kwenye ncha ya ulimi: hakukusudia, ndivyo alivyo, nitaongea naye. Mama Pacha aliyameza, na yalipokuwa yanashuka ndipo kitu kingine kikapanda. Alikumbuka alivyosema saini ni wino tu. Alikumbuka mfuko wa viazi. Damu ilimchemka mpaka masikio yakawa ya moto. Wafanyakazi wa magereji walikuwa wameanza kujikusanya nje wakisubiri chai, wanachungulia, wanaulizana kulikoni.

"Kuku tunaye?" akauliza.

"Kuku tunaye, wa kumlisha nani?"

"Na gesi iko?"

"Iko. Unataka nini wewe?"

Mama Pacha aliwageukia wale watu. Hakuwahi kuzungumza mbele ya kundi maishani mwake. Hata kwenye mikutano ya wazazi alikaa nyuma. "Jamani," akasema, "chai ipo na supu itakuwapo, ila si hapa. Tumehama leo. Anayetaka kula abebe kitu."

Walicheka, wakidhani ni utani. Halafu wakaona ameshanyanyua benchi upande mmoja na anasubiri mtu wa upande wa pili. Mchomeleaji mmoja, jitu la miraba minne, akaja akalibeba peke yake begani. Basi wakaondoka hivyo, msafara mzima: benchi, meza, mtungi wa gesi kwenye toroli, sufuria, Msusi nyuma akibeba ndoo ya kuku na kumwimbia binamu maneno ambayo hayafai kurudiwa. Wakapita mtaa mmoja, wakakata kona, wakaingia nyumbani kwa Baba Pacha.

Sebule ya nyumba ile ilikuwa na makochi. Yalikuwa ya wageni, na kwa kuwa hakuna mgeni aliyewahi kuonekana kuwa mkubwa wa kutosha, yalibaki yamefunikwa nailoni yao ya dukani. Pacha walikuwa wanayapita kwa ubavu. Mama mkwe mwenyewe, aliyemzaa mwenye makochi, alikuwa na kiti cha plastiki kando ya dirisha. Mama Pacha alichukua kisu, akachana nailoni ya la kwanza kutoka mwanzo hadi mwisho. Ililia kama kitambaa kipya.

"Kaeni," akawaambia mafundi.

Walisita, wakijitazama ovaroli zao zilizojaa grisi.

"Nimesema kaeni!"

Wakakaa.

"Kuna nini?" mama mkwe akauliza kutoka kwenye kiti chake. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, mama. Watu wanataka chai."

"Wote hawa?"

"Wote, mama. Mwanao amemgawia mtu mwingine chumba changu. Sina pa kuwaweka."

Kikongwe yule alilitafuna neno hilo. Kisha akamwambia mchomeleaji aliyesimama karibu yake asogee, anamzibia upepo, na kwani yeye ni mtoto wa nani.

Mchana supu ilikuwa tayari na nyumba imejaa hadi koridoni. Nesi na wenzake walikula wakiwa wamekaa kwenye kitanda cha pacha, sahani magotini. Habari zilikuwa zimeshafika mtaa wa pili na wa tatu. Kuna waliokuja kula, na kuna waliokuja kuona, na hao nao Msusi aliwauzia.

Baba Pacha hakuwa amesikia. Siku hiyo alikuwa ameamua kuwatembeza wakubwa wake wawili wa ghalani wakaonje supu kwenye mgahawa wake. Alifika nao kwenye mtaa wa magereji, akakuta binamu anapanga vioo na upande wa pili wa mbao hakuna hata kijiko. Akaulizia. Kila aliyeulizwa alimwelekeza nyumbani kwake.

Aliingia akiwa mbele, wakubwa wake nyuma. Aliona makochi yaliyochanwa. Aliona bakuli la supu juu ya mkono wa kochi, na juu ya kochi lenyewe fundi wa breki anayefuta mdomo.

"Mkurugenzi!" fundi akasema, akijaribu kuinuka. "Karibu sana, bwana. Jisikie nyumbani."

Nyumba nzima iliangua kicheko. Wakubwa wa ghalani nao walicheka, jambo ambalo lilimuumiza zaidi. Baba Pacha alipita moja kwa moja hadi jikoni na kuvuta mlango, lakini mlango ule haukuwahi kufunga vizuri, na kila mtu alisikia.

"Umerukwa na akili? Unaniaibisha mbele ya wakubwa wangu?"

Mama Pacha alikuwa anakata mboga. Aliendelea kukata. "Karibu. Wewe na wageni wako mtakula nini?"

"Nakuuliza swali!"

"Na mimi nina langu. Ulipotoa chumba chetu, ulimuuliza nani?"

"Ni chumba nilichotia saini mimi. Na yule ni ndugu yangu, nisingeweza kumkatalia. Ungekuwa na utu ungeelewa."

Hapo kisu kikasimama. "Utu?" akasema. "Naamka kabla ya kila mtu humu ndani, nakanda mguu wa mama yako, nafua soksi zako, nalisha mtaa mzima, na rafiki yangu amemaliza vidole vyake kwa ajili ya chumba kile. Wewe umeleta nini pale? Umeleta koti! Umevaa koti siku moja, ukaandika jina, ukaanza kuitwa Mkurugenzi. Nikakuacha. Nikasema aitwe tu, jina halimalizi gesi. Leo umechukua kisichokuwa chako ukakigawa kama peremende, halafu unaniambia sina utu? Mwongo mkubwa wewe!"

Sebuleni hakukuwa na aliyetafuna. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwita mumewe hivyo. Na hakulirudisha neno lake.

Baba Pacha alitazama huku na huku, akatoka akamwendea mama yake dirishani. "Mama, unasikia? Unasikia ninavyoongeleshwa nyumbani kwangu?"

"Nasikia, mguu ndio mbovu, masikio mazima." Bibi alikuwa na bakuli lake mwenyewe mapajani. "Supu hii imepungua chumvi, nimeshawaambia. Na hawa watu wangeniuliza kwanza kabla ya kuingia, ningevaa vizuri. Lakini ule ukuta umeuweka wewe. Kauondoe."

Akaenda. Tumpe hiyo: alikwenda jioni ileile. Lakini binamu alikuwa ameshapigilia vioo na kumlipa seremala, na alimtazama kaka yake kwa mshangao wa kweli. "Kaka, ulinipa neno lako. Utaniambiaje niondoke?" Mwenye jengo akasema mambo ya ukoo hayamhusu. Baba Pacha akarudi nyumbani mikono mitupu, akakuta pacha wanarukaruka juu ya makochi, na hakuna aliyewakemea.

Mgahawa ulikaa sebuleni. Haikuwa raha hata kidogo. Nyumba ilinuka vitunguu, wavulana walichelewa kulala, mama mkwe alianza kuwagawia wateja mawaidha ambayo hawakuyaomba, na Baba Pacha aliingia kwake kwa mlango wa nyuma kama mwizi. Mama Pacha hakumsemesha zaidi ya lazima. Alitegemea hasira ingepoa, kama ilivyopoa mara nyingine zote. Kila alipoigusa aliikuta bado ya moto.

Nesi ndiye aliyewapatia chumba kingine, karibu na zahanati, mali ya mwalimu mstaafu wa kike. Kilikuwa kidogo kuliko kile cha kwanza na mlango wake ulikuwa wa bati. Mwalimu aliuliza ni nani watakaofanya kazi pale, wakasema ni sisi, akawasogezea karatasi. Msusi alitia saini wa kwanza, kwa maringo, akikunja mkono na kuukunjua. Mama Pacha aliisoma karatasi yote kutoka juu hadi chini, kisha akaisoma tena, huku Msusi akimwambia, "Soma, mwenzangu. Soma mpaka wino ufutike."

Chumba kipya kilikuwa mbali na shule. Jioni ile Mama Pacha alimwambia mumewe kwamba kuanzia kesho yeye ndiye wa kuwachukua watoto, kwa kuwa ghala lilikuwa hatua chache tu kutoka shuleni. Akasema sawa, atamsaidia.

"Hunisaidii," akamjibu. "Unachukua watoto wako."

Kesho yake mwalimu wa zamu alikataa kumpa watoto kwa sababu hamjui. Ilibidi apige simu kwa Mama Pacha, huku pacha wenyewe wakipiga kelele kwamba ni baba, ni baba kweli. Alirudi amenuna, akasema shule ile haina adabu. Mama Pacha alimsikiliza hadi mwisho, akaendelea kusaga vitunguu saumu.

"Na wewe utaninunia mpaka lini?" Baba Pacha akamuuliza hatimaye. Sauti ilikuwa imeshuka. "Nimekosa. Nimesema nimekosa. Unataka nini tena?"

"Umeniambia mimi, tena tukiwa wawili tu. Aliyepakwa matope si mimi peke yangu."

Ilimchukua siku kadhaa. Alifika pale kwenye mlango wa bati wakati wa chakula cha mchana, hana koti, akasimama katikati ya watu wanaokula. Msusi alikuwa anapita na sahani mkono huu na ule.

"Shemeji," Baba Pacha akaanza. Akakohoa. "Lile jambo la chumba. Nilitoa kitu ambacho si changu. Kilikuwa chenu, wewe na mwenzako. Naomba mnisamehe."

Mafundi wakainamia mabakuli yao. Msusi aliweka sahani moja mezani, akaweka na ya pili, akafuta mikono kwenye aproni.

"Nimesikia," akasema.

Baba Pacha akasubiri. "Ndiyo basi?"

"Basi nini? Kusamehe ni kwangu, nitasamehe nikiwa tayari. Kama una njaa kaa, kama huna unanizibia njia."

Akatafuta nafasi kwenye benchi la ukutani, akajibana kati ya mchomeleaji na mwanamke mmoja mwenye mtoto. Mama Pacha alimwona kutoka jikoni. Hakumwonea huruma, na hakufurahi pia. Alihisi tu mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetua ndoo lakini bado ana safari. Akajaza bakuli, akalipeleka kwa mwanamke mwenye mtoto. Akajaza jingine, la mchomeleaji. Baba Pacha alikuwa amekuja wa mwisho, na waliomtangulia walikuwa wengi.